Kelele za Kibanda cha Ng'ambo

Ukuta wa sebule ulifunguka, ukawa mtaa. Mchuuzi wa Kichina alipita akisukuma mkokoteni wa kabichi, akanadi kwa Kiswahili kilichonyooka kama shuka iliyopigwa pasi: "Karibuni, waungwana! Kabichi changa, za alfajiri ya leo!" Midomo yake ilifuata kila silabi. Mwigizaji huyo alikuwa marehemu wa siku nyingi, na katika uhai wake hakupata kujifunza hata kusema "habari".

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Kisafishi. Kilikuwa akili unde iliyokaa ndani ya Bohari la Picha, ghala ambamo filamu zote za dunia zilisubiri kuitwa majumbani. Ukiitaja filamu, ilitiririka hadi kwenye ukutapicha wako, na kabla haijakufikia Kisafishi kilikuwa kimekwisha kuiogesha. Kilifuta mikwaruzo, kikang'arisha rangi, kikaondoa kila sauti isiyokuwa ya filamu yenyewe, kisha kikawapa waigizaji Kiswahili kwa sauti zao wenyewe. Miongoni mwa wahandisi waliokiunda alikuwa Nyamizi Igunda, mzaliwa wa Tabora, mtaa wa Ng'ambo. Yeye ndiye aliyekifundisha kutofautisha sauti halisi na uchafu, na kwa kazi hiyo alipewa nishani.

"Nisafishe zaidi?" ukuta uliuliza kwa adabu, kama ulivyouliza kila filamu ilipoanza.

"Safisha," Nyamizi alijibu kwa mazoea.

Ilikuwa Jumapili mchana. Wageni waliokuja kumkumbuka baba yake, aliyetimiza mwaka kaburini, walikuwa wamekula pilau, wameomba dua, wameondoka. Walibaki watatu: Nyamizi, mama yake Bi Kalunde, na shangazi yake Bi Mwashi, dada wa marehemu, aliyekuwa ameegemea mito miwili na kudai kiti kile hakifai kukaliwa na binadamu.

Bi Kalunde hakuwa ameomba kitenge wala sadaka kubwa. Aliomba jambo moja tu. "Nataka kumsikia baba yako," alikuwa amemwambia binti yake. "Picha zake ninazo, zimejaa kabati. Sauti sina. Imeanza kunitoka, Nyamizi. Juzi nilijaribu kumkumbuka alivyokuwa akiniita, nikasikia sauti ya jirani."

Sauti ya baba huyo, Igunda, haikuwapo nyumbani. Simu alizichukia; ukimtumia ujumbe wa kusema, alikujibu kwa kuja mwenyewe kwa miguu. "Sauti yangu inauzwa, haigawiwi," alipenda kutamba. Na kweli aliiuza. Ujanani alikuwa mtafsiri wa filamu katika kibanda umiza cha Ng'ambo: chumba cha mabati, mabenchi ya mbao, runinga moja, deki moja, na jenereta lililounguruma nyuma ya ukuta. Watu walijazana humo mpaka ukitaka kujikuna unamkuna mwenzako. Igunda alikaa kando ya runinga na maiki yake, akaieleza filamu ikiendelea. Kichina hakukijua. Kihindi hakukijua. Alichokijua ni watu wa Ng'ambo, basi kila jambazi alipewa jina la mwenye nyumba mkorofi, kila mwoga akawa refa wa timu ya mtaani. Simulizi zake zilirekodiwa humohumo kibandani, zikauzwa kwenye sidii hadi Nzega na Urambo.

Na humo ndimo alimopata mke. Siku hiyo alikuwa akieleza filamu hiihii iliyokuwa sasa ukutani, yenye msichana mwenye kapu. Mbele ya halaiki yote, Igunda alimpa msichana huyo jina la Kalunde, muuza vitumbua wa stesheni, naye Kalunde mwenyewe alikuwa ameketi benchi la pili. Watoto wao walikua na kisa hicho, na siku zote mama yao alikimalizia vilevile: "Mimi? Nilijifunika kanga, nikatoka mbio. Neno sikusema. Yeye ndiye aliyekuja na wazee wake kunibembeleza."

"Haya, huyo!" Bi Mwashi alipiga kelele, akainuka kutoka kwenye mito. "Huyo mwenye kapu! Nyamaza kimya, wifi, kaka yangu anaingia."

Bi Kalunde alikaza mikono kifuani. Msichana wa kwenye ukuta alitua kapu lake kando ya reli, akatabasamu. "Naitwa Mei," alisema kwa sauti laini. "Nimetoka mbali kumtafuta mjomba wangu."

Walisubiri sauti nyingine juu ya hiyo; haikuja.

"Mei ndiye nani?" Bi Kalunde aliuliza.

"Ndilo jina lake, mama. Kwenye filamu."

"Huyo anaitwa Kalunde."

Jitu lenye kovu lilimzuia njia kijana mmoja mwembamba na kutamka, "Ewe muungwana, nakusihi uondoke, usije ukajutia."

"Huyu anagomba au anaomba posa?" Bi Mwashi alifoka. "Hapo kaka yangu alikuwa anasema, 'We bwege, toka hapo kabla sijakugeuza mshikaki!' Na kibanda kizima kinaitikia, 'Mshikaki!' Mambo gani haya ya kusihiana?"

Nyamizi aliisimamisha picha. "Leta nakala yenye mtafsiri," aliuambia ukuta.

"Nakala zote za filamu hii zimesafishwa," ukuta ulijibu. "Sauti ngeni imeondolewa kikamilifu. Ukipenda, naweza kuunda mtafsiri wa kale: mwanamume, mwenye uchangamfu wa wastani."

"Wastani!" Bi Mwashi alicheka kwa hasira. "Igunda na wastani wapi na wapi?"

Nyamizi hakucheka. Alikumbuka miezi aliyokesha na wenzake, wakikionyesha Kisafishi mvua juu ya bati, milango inayolia, vikohozi. Baadaye waliongeza kanuni moja fupi ambayo yeye mwenyewe aliisifia kwa uzuri wake: mtu yeyote anayesema na hayumo katika filamu, ni sauti ngeni. Siku ya uzinduzi baba yake alikaa safu ya mbele amevaa koti la kuazima. Alitazama Wachina wakisema Kiswahili, akampigia binti yake makofi kuliko watu wote. Kisha akamnong'oneza, "Sasa hawa wamenipita, mwanangu. Wanajua wanachokisema." Wakacheka wote wawili. Nyamizi hakujiuliza hata kidogo ni nini kilichokuwa kikifutwa dakika ileile walipokuwa wakicheka.

"Zima tu, mwanangu," Bi Kalunde alisema taratibu. Aliivuta kanga yake mabegani ingawa hapakuwa na baridi. "Nimeshamzika mara moja. Nilidhani inatosha."

Maneno hayo yalimchoma Nyamizi kuliko lawama yoyote. Hakuzima. Alisimama mbele ya ukuta, karibu na uso wa yule msichana mwenye kapu, akafikiri kama mhandisi maana kama binti hakuweza. Ili mashine ijue uchafu, sharti kwanza ionyeshwe uchafu. Na huo waliouonyesha, pamoja na kila kilichofutwa baadaye, haukutupwa. Uliwekwa pembeni ili Kisafishi kirudi humo kujikumbusha. Mahali hapo wao kazini walipaita Jalala, na hakuna aliyewahi kwenda kusikiliza, kwa sababu nani huenda jalalani kusikiliza?

"Nifungulie Jalala," alisema, akaweka kiganja ukutani ili utambue ruhusa yake.

"Humo hamna filamu," ukuta ulionya. "Ni kelele tu."

"Ndizo nizitakazo. Tafuta zilizotolewa kwenye filamu hii, kutoka nakala ya Tabora."

"Unakwenda kufukua takataka?" Bi Mwashi aliuliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Haya. Mtaka cha mvunguni..." Bi Mwashi alihama kiti chake kibovu, akaenda kuketi karibu na wifi yake na kumshika mkono.

Ukuta ulitafuta. Mtaa wa Kichina ulififia, mahali pake pakatokea mistari ya maandishi iliyoshuka bila kwisha. Nyamizi hakuwa ametazamia wingi ule. Walikuwamo watafsiri wa Mwanza na wa Kigoma, wa Mbeya na wa Lindi, na nyuma ya kila mmoja kibanda kizima cha watu. Wote walikuwa wamebandikwa jina moja: *Kelele. Binadamu asiyehusika.*

"Kipande kimoja kimepatikana," ukuta ulisema. "Vingine vimeharibika."

"Kilete."

Kwanza lilisikika jenereta. Halafu benchi lililolalamika, mtu anayetafuna karanga, mtoto aliyekohoa akaambiwa asogee. Bi Kalunde alifumba macho. Na ghafla, kutoka katikati ya vurugu hiyo, ikaja sauti ya kijana, nyembamba kidogo kuliko walivyoitarajia, yenye haraka, yenye kicheko kilichojificha chini ya ulimi.

"Mnamwona huyo dada mwenye kapu? Msidanganyike, huyo si Mchina! Huyo ni Kalunde wa vitumbua, pale stesheni! Na huyu kijana anayechangiwa na majitu yote haya, mnamjua? Ni mimi Igunda! Anapigwa, hakimbii. Kwa nini hakimbii?"

"Kwa niniii?" kibanda kiliitikia.

"Kwa sababu anataka kumwoa, jamani, na hajui aanzie wapi!"

Mabati yalitikisika kwa vicheko na miluzi. Bi Mwashi alikuwa akilia wazi, bila kujifuta. Bi Kalunde hakulia. Alikuwa amefumbua macho na kumtazama binti yake kwa wasiwasi, kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni.

"Inatosha hapo," alisema haraka. "Zima, Nyamizi. Nimemsikia. Ahsante, zima."

Lakini kipande kilikuwa hakijaisha. Juu ya vicheko vyote ilipanda sauti ya msichana, kali, isiyo na chembe ya aibu, kutoka benchi lisilokuwa mbali na maiki.

"Aanzie kwa baba yangu! Na asije mikono mitupu!"

Kibanda kililipuka. Watu walipiga mabenchi, walipiga ukuta, walimwita Kalunde kwa jina. Kwenye runinga yao lazima kijana yule alikuwa bado akipigana, lakini hakuna aliyemweleza. Igunda, ambaye hakuna mtu Ng'ambo aliyepata kumsikia akinyamaza filamu ikiendelea, alinyamaza. Jenereta liliunguruma. Kisha, mbali kidogo na maiki, si kwa sauti ya kuuza, aliuliza:

"Kweli, Kalunde?"

Hapo kipande kikakatika.

Bi Mwashi aligeuka polepole kama lango la ngome. "Wifi."

"Usianze."

"Wifi yangu mpenzi. Ulijifunika kanga?"

"Mwashi, usianze."

"Ukatoka mbio? Neno hukusema? Miaka yote umemdhalilisha kaka yangu, eti alikuja kubembeleza, kumbe alikuwa ameitwa! Na mahari umempangia hapohapo, mbele ya watu!"

Bi Kalunde alijifunika kanga usoni, safari hii kweli. Mabega yalimtikisika. Nyamizi alimkimbilia, akapiga magoti, akaishusha ile kanga taratibu, akakuta mama yake anacheka na machozi yanamtiririka mpaka shingoni, uso wake wote umekuwa wa yule msichana wa benchi la pili.

"Ndivyo alivyokuwa akiniita," alisema. "Umesikia? Hivyo hasa. Kalunde."

Nyuma yao ukuta ulitoa mlio wake mdogo wa adabu. "Kelele nyingi zimegunduliwa katika kipande hiki," ulisema. "Nisafishe?"

"Thubutu!" alisema Bi Kalunde. "Rudia. Na uanzie kwenye jenereta."