Koti la Mvua la Mzee Lauritz

Torhild alishona makoti ya mvua. Mumewe, Eivind, alikata vitambaa na kuweka vifungo. Kila Jumamosi walipanga meza yao sokoni Bergen, mji wa bandari wa kaskazini ambako mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha tu. Makoti yalikuwa mazuri. Watu walisoma bango, kisha wakaenda zao.

Bango lilisema: "Kitambaa imara. Mishono miwili. Hayapitishi maji."

"Hali ikiendelea hivi, narudi melini," Eivind alisema.

Eivind alikuwa fundi wa meli za uvuvi, na binti yao alikua akimwona kwa nadra. Hawakutaka maisha yale tena.

Kwenye meza ya jirani, Gudveig aliuza kababu za samaki. Alisimulia hadithi huku akikaanga, na foleni haikuisha. Eivind akaona amepata dawa. Jumamosi iliyofuata alileta bango jipya. Lilisema babu yake alinusurika meli ilipozama, kwa sababu alivaa koti la aina hii.

Mama mmoja akasimama. "Meli gani hiyo? Baba yangu alikuwa baharia."

Eivind akakohoa. "Ilikuwa zamani kidogo."

"Zamani lini?"

Eivind akaanza kukunja koti lililokuwa tayari limekunjwa. Yule mama akaondoka.

Gudveig alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Eivind, babu yako alikuwa kinyozi. Mji mzima unajua."

"Si wewe pia unauza kwa hadithi?"

"Za kweli. Ukimdanganya mteja, hata mishono yako hataiamini. Halafu babu yako anamhusu nini mtu aliyelowa hapa? Huyo ana shida zake. Nani amewahi kununua koti kwenu?"

"Mzee Lauritz, wa kule mlimani," Torhild alisema.

"Mlimuuliza kwa nini alilinunua?"

Hawakumuuliza.

Kesho yake Torhild alipanda ngazi za mlimani hadi kwa mzee. Mzee akammiminia kahawa.

"Koti linakufaa, mzee wangu?"

"Sana. Tangu mke wangu afariki, mvua ikinyesha nilikaa dirishani tu. Mbwa ananitazama kama nimemkosea. Sasa tunatoka kila siku. Pale kwenye kibanda cha kahawa wananitania, eti mbwa ndiye anayenitembeza."

Kumbe mzee alikuwa akitafuta njia ya kutoka nyumbani, na koti ndilo lililomtoa.

"Naomba ruhusa niwasimulie wengine."

"Wasimulie. Ila usiseme mbwa ni mnene."

Jumamosi bango lilisomeka hivi: "Mvua iliponyesha, Mzee Lauritz alikaa dirishani. Sasa yeye na mbwa wake hutoka kila siku. Wewe mvua inakuzuia kwenda wapi?" Habari za kitambaa na mishono ziliandikwa chini, kwa herufi ndogo.

Watu wakasimama. Wakaanza kujibu wenyewe. Mmoja alitaka kumtazama mwanawe akicheza mpira. Mwingine alikuwa na bustani. Torhild alisikiliza kwanza, ndipo akachagua koti. Yule mwenye bustani alipewa lenye mikono inayokunjika.

Binti mmoja alisoma bango mara mbili. "Mama yangu haendi popote siku hizi," alisema polepole.

"Alikuwa akipenda kwenda wapi?" Torhild akauliza.

"Kwa dada yake. Hata si mbali."

Akachukua makoti mawili, lake na la mama yake.

Kabla theluji haijaanguka, Torhild na Eivind walikuwa wamempata mshonaji wa kuwasaidia. Nahodha wa meli yake ya zamani alipopiga simu kumwita Eivind kazini, alijibiwa kwa heshima kwamba fundi ana shughuli nyingi nchi kavu.

Siku moja yule binti aliyechukua makoti mawili alirudi sokoni, ameshikana mkono na mama yake. Wote wawili walikuwa wamevaa makoti, matone yakiwachuruzika.

"Dada yangu naye anataka koti," mama alisema. "Lakini mjiandae. Mkimuuliza anataka kwenda wapi, hamtafunga biashara mapema."

Eivind akamvutia kiti. "Mlete, mama. Tuna siku nzima."