Ngano ya Kalliopi

Dhahabu ilikuwepo. Hicho ndicho kilichomkera Inspekta Argiris Vamvakas tangu alipotia mguu kwenye chumba cha tatu cha makumbusho. Mkufu wenye umri wa miaka elfu mbili na mia sita ulikuwa umelazwa vizuri juu ya kitambaa cheusi, na bangili kando yake. Aliyekosekana ni mwenye mkufu.

"Mifupa yote?" aliuliza.

"Yote, hadi vidole vya miguu." Bi Evanthia, mkuu wa makumbusho, alikuwa analia wala hajifichi. "Msichana wa kaburi la kumi na saba. Nilimfukua mwenyewe kule kwenye magofu, kwa brashi, miezi minne nimepiga magoti. Mwizi gani huyo anaacha dhahabu anabeba mifupa?"

"Kichaa," alidakia Sajini Lambros, aliyekuwa akichukua alama za vidole kwenye kioo. "Afande, kufuli halijavunjwa. Limefunguliwa kwa ufunguo."

Ufunguo alikuwa nao mtu mmoja tu: Stathis, mlinzi wa zamu. Jana saa nane mchana makumbusho yalifungwa, kisiwa kizima kikaenda kulala, maana jua la Agosti halina mzaha. Yalipofunguliwa saa kumi na moja, Stathis alikuwa ameshafunika kabati hilo la kioo kwa shuka. Aliwaambia wageni taa imeungua. Leo asubuhi Bi Evanthia alivuta shuka, akapiga ukelele.

Makao makuu ya polisi kule bara, Pirea, hawakutaka maneno mengi. Walipiga simu: mshukiwa apandishwe meli ya saa kumi alasiri, mwendesha mashtaka anamsubiri.

Wakati wanapima na kupiga picha, Bi Marigo, msafishaji, alipita na sinia. Alikuwa amevaa gauni jeusi lililopigwa pasi. Alimpa kila mtu kisahani cha ngano ya kuchemsha yenye sukari, zabibu kavu na punje za komamanga.

"Kula, mwanangu. Sema Mungu amrehemu."

"Mungu amrehemu," alisema Inspekta, akala huku akiandika. Chakula cha marehemu kwetu hakikataliwi, hata na polisi aliye kazini.

* * *

"Jana saa nane ulikuwa wapi?"

"Nimelala," alisema Stathis.

"Na nani?"

"Na mto wangu, afande."

"Usinichezee. Kwa nini ulifunika kabati?"

"Taa iliungua."

"Taa nimeiwasha mimi leo. Inawaka."

"Basi imepona."

Lambros alicheka, akatazamwa, akaacha.

"Stathis, huo ni wizi wa mali ya kale. Miaka kumi jela. Una mtoto hajaota hata jino. Ulimpa nani ufunguo?"

Mlinzi alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitatu, mwenye mabega ya mpiga makasia.

"Andika nimeiba mimi, tumalize."

"Umeipeleka wapi mifupa?"

"Nimeitupa baharini."

"Kwa nini?"

Hapo akakwama. Aliangalia ukuta, akaangalia viatu vyake. Mwizi wa kweli angekuwa na sababu hata ya uongo.

Inspekta alimrudisha mahabusu akaketi, roho haijatulia. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu. Alikuwa ana uhakika kwamba anampeleka asiye na hatia jela, na hakuwa na cha kuwaambia watu wa Pirea. Alijichokonoa jino kwa ulimi. Zabibu kavu ya ile ngano. Akaacha kutafuna.

"Lambros! Bi Marigo kafiwa na nani?"

"Hajafiwa, mzee. Mumewe yuko mgahawani sasa hivi anawaibia wenzake kwenye karata. Labda yule binti yake, Kalliopi, aliyetoka na boti akazama miaka kumi na moja iliyopita."

"Amewahi kumpikia ngano?"

"Thubutu! Padri alipomtajia arobaini alimtimua kwa ufagio. 'Sijazika, sipiki!' Maiti haikuonekana, unakumbuka."

"Leo asubuhi mimi nimemwombea nani, basi?"

Sajini aliweka kalamu chini.

"Na kwenye ile boti Kalliopi alikuwa na nani?"

Lambros aligeuka taratibu kuutazama mlango wa mahabusu.

* * *

Kijiji cha Bi Marigo, Apano Petra, kiko juu ya genge, ngazi mia tatu na zaidi, na Inspekta alizipanda zote bila kupumzika. Nyuma ya kanisa kuna chumba cha mifupa. Mwamba wetu ni mgumu na makaburi ni machache, kwa hiyo baada ya miaka mitatu marehemu hutolewa, mama au dada humwosha mifupa kwa mvinyo, kisha huwekwa kwenye sanduku la bati lenye jina lake. Mama yake Vamvakas alioshwa na bintiye. Inspekta alisimama nje anavuta sigara, kwa woga, na mpaka leo anaona aibu.

Sanduku la Kalliopi lilikuwa kwenye rafu ya chini. Kijiji kizima kilijua kuwa ni tupu. Leo taa ya mafuta ilikuwa inawaka mbele yake, na Bi Marigo alikuwa ameketi sakafuni.

"Fungua, mama."

"Nimeshafunga."

"Fungua."

Alifungua. Kitambaa cheupe, utepe, harufu ya mvinyo. Fuvu lilikuwa limewekwa juu, kama inavyotakiwa.

"Ulimwambia nini Stathis?"

"Kwamba nataka kupangusa vumbi ndani ya kioo. Akanipa ufunguo, akaenda kulala."

"Unajua huyu si Kalliopi."

"Mimi si kichaa!" Sauti yake iligonga kuta. "Miaka kumi na moja namfutia kioo. Kibao kinasema ana miaka kumi na tisa. Wangu alikuwa na kumi na tisa. Wageni wanakuja na aiskrimu zao, wanapiga picha na meno yake. Kila mwaka wanawake wenzangu wanaosha watu wao hapa, mimi wananipa beseni niwashikie. 'Shika hapo, Marigo, wewe huna kazi.' Huyu hana wa kumwosha. Mimi sina wa kuosha. Haya niambie, mwanangu, nimemdhulumu nani?"

Inspekta aliuliza la kipolisi.

"Ngano ulipika ya nini? Usingepika, nisingekuja."

"Nimzike bila kulisha watu? Kama mbwa?"

"Stathis amekiri. Anapelekwa Pirea saa kumi."

Mama alishtuka. Alikuwa kanisani tangu agawe sinia, hakujua. "Stathis? Amefanya nini?"

"Aliona kabati tupu, akajua ni wewe. Akalifunika. Mengine hasemi."

"Mjinga yule!" Alisimama kwa kushika rafu, machozi yakimtoka. "Mjinga mkubwa! Miaka yote hii ananikwepa njiani, hata salamu hatoi, leo ndiyo anakuja kunilipa? Twende. Twende upesi, meli isimchukue."

Mlangoni aligeuka. "Mtamrudisha kwenye kioo?"

"Lazima, mama."

"Basi mbebe wewe. Mikono miwili."

Alimbeba kwa mikono miwili, ngazi zote.

* * *

Saa kumi kasoro dakika tano Stathis alifunguliwa pingu gatini. Bi Marigo hakufungwa. Alipanda meli na gauni lake jeusi, askari mmoja nyuma yake, wala hakumtazama mlinzi.

Stathis alisimama akisugua vifundo vya mikono. Kisha akaokota kifurushi cha Bi Marigo kilichosahaulika chini, akamfuata melini.

"We! Umeachiwa!" Lambros alipiga kelele. "Shuka, nenda kwa mtoto wako!"

"Mtoto ana mama yake," alijibu Stathis kutoka juu. "Siku ile nilirudi peke yangu, Sajini. Nilimwacha binti yake kwenye maji. Huyu simwachi."

Bi Marigo alimtazama, akasogea kwenye benchi, akampa nafasi ya kukaa.

Lambros alimgeukia Inspekta, akisubiri amri. Vamvakas aliwainulia mabaharia mkono, waondoke, nao wakavuta ngazi.