Shavu la Kushoto

Chumba cha nyuma ya duka la fremu kilinuka gundi na sigara. Bosi alichomeka kisu kwenye ramani ya karakana ya dhahabu, mezani, akaanza kupanga.

"Mtunza sefu anaingia saa mbili asubuhi. Mkewe atakuwa kwenye ndege, simu imezimwa. Tunamwonesha picha: mke katekwa, kafungwa kamba. Anafungua sefu kwa mkono wake. Tunabeba, tunapotea."

Picha ilikuwa kwenye kompyuta ya Vumbi. Akili mnemba ilimtengeneza mwanamke huyo kutokana na picha alizojianika mwenyewe mtandaoni.

"Huyu katekwa au katoka saluni?" Bosi alifoka. "Anang'aa kama sahani!"

"Punguza presha, Bosi. Bado sijamchafua."

Kazi hiyo ndiyo iliyompa Vumbi jina. Sura za mashine hutoka laini kama sabuni mpya. Yeye ndiye huzitia ubinadamu. Alimfuta mwanamke poda. Akamtoboa vitundu vya ngozi, vikubwa puani, vidogo mashavuni. Akampasua midomo, akamtia chunusi, jasho, masizi shingoni, na vumbi lililogandia kwenye michirizi ya machozi.

Dereva wa genge, mdogo wake Vumbi wa tumbo moja, jitu zima lenye ndevu, aligeukia ukuta. "Dada, unatisha."

"Funga domo. Ni wewe uliyenileta huku."

Kweli tupu. Genge la Bosi halikuwa na mlango wa kutokea, na dereva alishaona mengi mno. Vumbi ndiye aliyemwomba Bosi: kazi moja, kisha namrudisha mdogo wangu kwa mama. Bosi alikubali huku anacheka.

Saa mbili na dakika tano asubuhi, ndani ya karakana.

Mlinzi alikuwa chini, meno mawili kando yake. Mtunza sefu, mzee wa miwani minene, aliikodolea macho simu ya Bosi huku mikono ikimcheza.

"Unamtambua?"

"Mke wangu."

"Fungua basi."

Mzee aliisogelea simu. "Kichwa kimeinama upande. Nataka kumwona shavu la kushoto. Nijue hamkumvunja taya."

Bosi alimtwanga kitako cha bastola mdomoni. Damu ikarukia miwani. Mzee hakusogea. "Shavu la kushoto," akarudia.

Ndiyo maana Vumbi aliletwa. Bosi alijifanya anawapigia watekaji. Vumbi akajibanza nyuma ya kabati na kompyuta mapajani. Akamgeuza mwanamke uso. Akaiosha poda yote kwa jasho, akalitia shavu vitundu, vumbi na alama ya kamba. Hakuwahi kutengeneza ngozi nzuri kama ile.

Mzee aliitazama. Mikono ikaacha kucheza. Akakanyaga kitu chini ya meza, na king'ora kikapasua jengo zima.

"Mke wangu aliungua mafuta shavu hilo akiwa mtoto," alisema. "Hapigi picha bila poda. Mlipomfuta, kovu lilienda wapi?"

Bosi alimpiga risasi ya goti. Mzee akaanguka akilia kama mbuzi.

"Mshenzi wewe!" Bosi alimgeukia Vumbi. "Ungemwacha na poda yake!"

"Wewe ndiye uliyesema anang'aa!"

Vumbi hakungoja jibu. Alitoka mbio hadi uani, alikosubiri mdogo wake na gari. Risasi ikampata pajani, akaanguka kifudifudi kwenye kokoto. Mbele yake geti la chuma lilikuwa limeanza kujifunga lenyewe kwa king'ora, taratibu. Bosi akasimama hatua chache kando yake, bastola ikimlenga kisogoni.

"Wewe na mdogo wako, leo mnalala pamoja."

Gari lilinguruma. Dereva hakupiga honi. Lilimbeba Bosi kiunoni, likambamiza ukutani. Mbavu zikalia, bastola ikadondoka, kisha Bosi naye akateleza chini, akiwa ameacha mchirizi mwekundu kwenye chokaa.

Geti lilikuwa limebaki na nafasi ya gari moja.

"Nenda!" Vumbi alipiga kelele. "Nenda, mpumbavu wewe! Mimi siwezi kusimama!"

Dereva alilitazama geti. Akamtazama dada yake. Akazima gari, akashuka, akavua shati na kulifunga kwenye paja la dada kwa nguvu mpaka Vumbi akamtukana.

Geti likagonga nguzo, likajifunga. Ving'ora vya polisi vilikuwa vimefika barabarani.

"Nilikuja kukutoa," Vumbi alisema, analia.

"Najua." Dereva aliinua mikono juu, damu ya dadake ikimchuruzika hadi viwikoni. "Sasa wewe ndiye utakayemweleza mama. Mimi hanisikilizagi."