Jiwe Chini ya Ulimi

Binti yangu ni mpishi wa shule ya bweni. Alfajiri anawasha jiko, jioni anarudi hoi, lakini anaimba. Mpishi lazima aonje. Asipoonja, watoto mia tatu watakula chumvi tupu.

Mwaka huu nyimbo zilikoma. Kila alipoonja mchuzi, alivimba chini ya taya upande mmoja, kama ameweka yai. Paliuma. Baadaye uvimbe ulinywea wenyewe. Kesho yake akionja, yai limerudi.

Msimamizi wa jiko akamwona.

"Mpishi! Umeficha nini mdomoni?"

"Sijaficha kitu, bosi. Nimevimba tu."

"Unavimba nyama ikiiva tu? Fungua mdomo!"

Akafungua, mbele ya wenzake. Mwanamume mzima anammulika mama wa watu kinywani kwa tochi ya simu, kama anatafuta panya! Nyama hakuiona. Bado akasema, "Umeshameza. Nikikukuta hivi tena, huna kazi."

Mwosha vyombo peke yake ndiye aliyemletea kikombe cha maji. Mungu ambariki.

Binti yangu akaacha kuonja. Akaacha hata chakula cha mchana.

"Mama, nikila navimba. Nikivimba naitwa mwizi. Bora nisile."

"Usile mpaka lini?"

"Mpaka uvimbe uishe."

"Uvimbe hauishi kwa kususiwa! Kesho twende hospitali."

Daktari wa kinywa alikuwa msichana mpole. Alianza na swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

"Unavimba wakati gani, dada?"

"Nikionja. Hata nikinusa limau."

Akavaa glavu. Akapitisha kidole polepole chini ya ulimi, mkono wa pili ukiwa chini ya taya.

"Nimelipata. Ni jiwe."

"Jiwe!" nikaruka. "Mwanangu amekula mawe?"

Akacheka. "Hapana, bibi. Limejitengeneza humu humu. Chini ya taya kuna tezi ya mate. Mate yanapita kwenye mrija mwembamba, yanatokea chini ya ulimi. Chumvi zilizomo kwenye mate zikigandamana, zinakuwa jiwe. Jiwe linaziba mrija. Mtu akionja chakula, mate yanakuja kwa wingi, hayana pa kutokea. Ndipo tezi inavimba."

"Basi mate ndiyo yamemfanya aitwe mwizi!"

"Nani kamwita mwizi?"

Nikamsimulia. Daktari akakunja uso. "Kummulika wameweza. Kumuuliza wameshindwa?"

Picha ya eksirei ilionyesha jiwe liko karibu na mlango wa mrija.

"Utamkata shingo?" nikauliza.

"Hapana, bibi. Tutapita mdomoni. Nje hakutakuwa na kovu. Jiwe likiwa ndani sana, matibabu huwa mengine."

Akamchoma sindano ya ganzi. Akapasua kidogo juu ya mrija, akalitoa jiwe. Binti yangu alikuwa macho muda wote, amenishika mkono. Jiwe lilikuwa la manjano, dogo kama punje ya mchele. Kitu kidogo hivyo, aibu yote ile!

"Kunywa maji mengi, hasa wewe unayeshinda kwenye moto," daktari akamwambia. "Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Ukiona homa, usaha au uvimbe usioshuka, rudi haraka. Ukishindwa kumeza au kupumua, usingoje hata kidogo."

Alipopona, nilimsindikiza kazini. Jiwe lilikuwa kwenye kichupa. Nikalimwaga kiganjani mwa msimamizi.

"Nyama uliyoitafuta ni hii."

Akaligeuza, akainama. "Samahani," akanong'ona.

"Ulimwita mwizi kwa sauti kubwa, baba. Na radhi iombe kwa sauti hiyo hiyo."

Visu vikanyamaza juu ya vitunguu. Mwosha vyombo akafunga bomba.

"Mpishi, nilikukosea," msimamizi akasema, na jiko zima likasikia. "Hukuiba kitu. Nisamehe."

Binti yangu alichukua upawa, akachota mchuzi, akaonja mbele yao wote. Tukasubiri. Taya likabaki kama lilivyo.

"Chumvi haijakolea," akasema, akaanza kuimba.