Mithu Aitikia Hadithi

Hansa aliishi Tanga na mama yake, bibi yake, na kasuku mmoja. Bibi aliitwa Jamna, lakini Hansa alimwita Ba. Kasuku aliitwa Mithu.

Leo ilikuwa siku ya kufunga. Jikoni palinukia halua ya samli na iliki. Hansa alikuwa na njaa.

"Hadithi kwanza," alisema Ba, "halua baadaye. Hata Ganesha, na tumbo lake lote lile, anangoja."

Hansa akaitazama sanamu ya mungu Ganesha, mwenye kichwa cha tembo. Kweli, alikuwa anangoja.

Ba alimpa Hansa punje za mchele. "Zifumbate mpaka mwisho. Na uniitikie."

Ba akafumba macho. "Tembo mdogo alifika mtoni."

"Haa," aliitikia Hansa. Maana yake: nasikia, endelea. Ba asipoitikiwa, hasimulii.

"Mto umejaa."

"Haa," alisema Hansa.

"Haa," alisema Mithu.

Hansa akamtazama Mithu. Akatabasamu. Akanyamaza.

"Sisimizi nao wanataka kuvuka."

"Haa," alisema Mithu.

Nyatu, nyatu, nyatu. Hansa akaenda jikoni.

Mama alikuwa amekaa karibu na sufuria. "Hadithi imekwisha?"

"Karibu, Mama."

"Karibu si mwisho. Hadithi kwanza, halua baadaye."

Nyatu, nyatu, nyatu. Hansa akarudi.

"Wote wakavuka salama," alisema Ba. "Hadithi imekwisha."

"Haa," alisema Mithu.

Masikini Hansa. Ba akiitikiwa, lazima aendelee. Ndiyo desturi.

"Tembo akalala," alisema Ba.

"Haa."

"Akaamka."

"Haa."

"Akalala tena."

"Haa."

Nguru, nguru, tumbo la Hansa likanguruma. "Mithu, nyamaza," alinong'ona.

"Haa," alisema Mithu.

Hansa akafumbua kiganja. Akazitia punje zote ndani ya tundu la Mithu.

Ko, ko, ko. Mdomo wa Mithu ukajaa.

"Hadithi imekwisha," alisema Ba upesi.

Kimya.

Ba akafumbua jicho moja. "Punje zako ziko wapi?"

Hansa akatazama vidole vya miguu yake. "Amezila Mithu."

"Vyema. Hadithi ikiisha, punje hupewa ndege. Lakini aliyesikiliza ni yeye. Na halua tumpe yeye?"

"Hapana, Ba. Tafadhali."

Ba akacheka mpaka miwani ikamteleza. Ganesha akapata halua. Hansa akapata, mara mbili.

Usiku, Hansa alijilaza kando ya Ba. "Ba, sisimizi walivukaje?"

"Kwani Mithu hakukuambia?"

"Hakuniambia."

"Tembo alinyoosha mkonga wake, ukawa daraja."

"Haa," alisema Hansa.

"Wakapita juu yake, mmoja mmoja."

"Haa..."

"Wakafika ng'ambo."

Hansa alikwisha lala. Ba akazima taa.

Gizani, ndani ya tundu, mtu akasema, "Haa."

"We Mithu," alisema Ba, "lala."