Mnara Uliosingiziwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, mimi huteka maji kisha humwamsha mdogo wangu Harithi. Siku ile aliamka akitapika. Kichwa kilimuuma, na hata mimi nilihisi kizunguzungu.

"Ni mionzi ya ule mnara," Baba alisema, akiunyoshea kidole mnara wa simu nyuma ya nyumba yetu. Hapa Kibaigwa siku hizi kila kitu ni mnara. Mtu akipata mafua, mnara. Kuku wakifa, mnara!

Nilikasirika. Mnara ule ulikuwapo tangu nikiwa darasa la pili. Magunia ya mahindi ndiyo yaliyoingizwa chumbani kwetu juzi, Baba akisubiri bei ipande. Alikuwa ametia vidonge vya kuua dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, na chumba kizima kilinuka kama kitunguu saumu.

"Baba, labda ni vile vidonge."

"Vile ni dawa, Yusra. Tangu lini dawa ikadhuru mtu? Usinifundishe kazi."

Nilimvisha Harithi sweta, Baba akambeba. Tulipofika kituo cha afya, Baba akaanza tena habari za mnara. Sikuweza kuvumilia.

"Shikamoo, nesi. Tunalala na mahindi yaliyotiwa vidonge."

Nesi Dorothea alishtuka. Alimkimbiza Harithi kwa daktari, akawekewa oksijeni. Nesi aliporudi alikuwa amefura kwa hasira.

"Baba Yusra, vidonge vile hutoa gesi. Inaua dumuzi, na inaua mtoto! Kuitwa dawa hakuiondolei sumu."

"Na mionzi je?" Baba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kama mna wasiwasi, waiteni wataalamu waje waupime mnara. Lakini hata kama mionzi ingekuwa na madhara, ndiyo umwongezee mtoto na sumu juu yake?"

Baba alirudi nyumbani mbio. Mchana ule magunia yalitolewa, milango na madirisha yakaachwa wazi, nasi tukahamia kwa shangazi.

Harithi aliporuhusiwa kutoka, kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa uji. Baba alimtazama akinywa, machozi yakamlengalenga.

"Yusra," aliniambia mbele ya wote, "ungeniogopa siku ile, leo ningekuwa nimemzika mwanangu. Ukiona hatari, sema, hata kama anayekosea ni mimi."