Tumbawe la Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku aliwasha taa ya tangi la kioo pale sebuleni, akawapa samaki wawili chakula chao, kisha akalitazama tumbawe la zambarau likikunjua vidole vyake majini. Jina la Chiriku alilipata kwa wingi wa maneno, ingawa tangu mama yake afariki, miezi minne sasa, hakuwa na mengi ya kusema.

Tangi hilo la maji ya chumvi lilikuwa la mama, aliyekuwa mtunza maabara. Tumbawe alilileta likiwa dogo kama ukucha, akalilea miaka sita. Kila jioni baba, fundi cherehani, alivuta kiti akaketi mbele ya tangi, pini zikiwa bado zimechomekwa kwenye ukosi wa shati.

Mama aliacha maagizo machache. Chakula kiwe kidogo, mara moja kwa siku. Taa isiwake zaidi ya saa nane kwa siku. Kila Jumamosi maji kiasi yabadilishwe kwa maji yaliyochujwa, yasiyo na dawa ya bombani inayodhuru tumbawe, yanayouzwa kwenye duka la samaki wa mapambo. Dukani ni mwendo wa nusu saa, na dumu lilikuwa zito. Jumamosi moja Chiriku alichoka, akakinga maji ya bomba, akatia chumvi. Hakuna lililotokea. Jumamosi iliyofuata akafanya vivyo hivyo. Tena samaki walipomkimbilia kwenye kioo aliwahurumia, akawaongezea chakula.

"Umefuata maji?" baba aliuliza.

"Ndiyo, baba."

Wiki ya tatu mwani wa kijani, mwembamba kama nyuzi, ukatanda juu ya mchanga. Chiriku akaufunika kwa changarawe kubwa za rangi. Ulipoanza kulipanda tumbawe, aliligeuza, upande mbovu ukaelekea ukutani.

Jioni moja baba hakuketi. Samaki mmoja alikuwa akielea ubavu, na tumbawe limekuwa jeupe kama chaki. Alimtoa samaki yule, akamfunga kwenye kipande cha kitambaa, kisha akampigia simu mwenye duka, rafiki wa mama, ambaye watu walimwita Mama Samaki.

Mama Samaki alifika kesho yake. Alitumbukiza mkono, akafukua changarawe. Tope jeusi likapanda, na sebule nzima ikanuka yai viza.

"Mabaki ya chakula yamezama kwenye mianya ya mawe haya, yakaoza," alisema. "Uozo ndio mbolea ya mwani. Na dukani kwangu sijamwona mtu wa nyumba hii muda mrefu. Mwanangu, maji umekuwa ukichota wapi?"

Chiriku alitazama sakafu. "Bombani. Nimekudanganya, baba. Kila Jumamosi."

Baba alitoka nje, akakaa huko hadi mgeni alipoaga.

Kazi ilichukua wiki nyingi. Walizoa changarawe kwa kikombe, wakafyonza tope kwa mpira wa maji, wakatandaza mchanga mpya wenye chembe kama za sukari, ambao uchafu hukaa juu yake ukaonekana. Waling'oa mwani kwa vidole, wakasugua mawe kwa mswaki, wakapunguza muda wa taa, wakaweka konokono wanaokula mwani. Kila Jumamosi Chiriku alibeba dumu. Wiki ya saba maji yaling'aa, na samaki aliyebaki akaanza kula vizuri. Tumbawe halikufufuka.

Baba alilitoa, akaliweka mezani.

"Nisamehe, baba," Chiriku alisema. "Niliogopa utaniona sikujali kitu cha mama."

Baba alivuta kiti, akaketi. "Mama yako aliumwa karibu mwaka mzima. Nikimuuliza, alisema ni uchovu tu. Hakutaka tuhangaike. Tulipofika hospitali, daktari akatuambia tumechelewa." Alipitisha kidole juu ya tumbawe. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisemi hivyo kumlaumu. Nakwambia wewe, kwa sababu umebaki wewe. Jambo likiharibika, niambie siku hiyohiyo, hata kama kosa ni lako. Hasira yangu itapita. Kuchelewa hakuna dawa."

Chiriku akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na baba hakumnyamazisha.